Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Leseni ya Urubani

Mzazi wa Lembeni ambaye mwanawe amemaliza kidato cha sita na kutamka kwamba anataka kuwa rubani, mara nyingi hana wa kumuuliza. Jirani huyu ni mwalimu, yule ni dereva wa lori, wa tatu ana duka pale barabara kuu ya kwenda Mwanga na Moshi. Kwa hiyo habari zinakuja kwa njia tatu: ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi, wakala wa vyuo vya nje anayepiga simu jioni, na kijana wa ukoo aliyewahi kusoma Afrika Kusini. Kila mmoja ana ukweli kidogo. Tatizo ni kwamba ukweli wa nchi moja husimuliwa kana kwamba ni wa dunia nzima, na familia inauza shamba la Ugweno au inakopa SACCOS kwa kuamini jambo ambalo ni kweli Marekani lakini si kweli Tanzania. Naandika haya ili fedha hizo zisipotee.

Mengi ya makosa yana mzizi mmoja, nao ni kufananisha leseni ya urubani na leseni ya udereva. Dereva wa Tanzania anavuka Holili, anaingia Taveta na kuendelea na safari kwa leseni ileile. Watu wanadhani rubani naye yuko hivyo, kwamba ukishajua kurusha ndege umejua, na kadi yako itakubalika popote utakapotua. Sivyo.

Angalia mkia wa ndege

Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, na Tanganyika ilijiunga nao mwaka 1962. Ibara yake ya 32 inasema kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyohalalishwa, na nchi ambako ndege hiyo imesajiliwa. Kinachoamua hapo si uraia wa rubani, wala nchi aliyosomea. Ni herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, ZS Afrika Kusini, N Marekani, G Uingereza, A6 Umoja wa Falme za Kiarabu, A4O Oman.

Kijana akisoma Afrika Kusini kwenye ndege za ZS na kufanya mitihani ya mamlaka ya huko, leseni yake ni ya Afrika Kusini. Anarudi nyumbani, anapokelewa kwa pilau na vigelegele, wiki inayofuata anakwenda Arusha kutafuta kazi kwenye kampuni za kupeleka watalii Serengeti, na anaambiwa hawezi kurusha ndege ya 5H mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, imruhusu kwa maandishi. Hajadhulumiwa na mtu. Ndivyo ilivyo kwa Mmarekani anayekuja hapa na leseni yake ya FAA, mamlaka ya anga ya kwao, na ndivyo ilivyo kwa rubani wa Kitanzania anayeitwa kazini Dubai au Muscat.

Ibara hiyohiyo ina kifungu ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia. Kila nchi imejiwekea haki ya kukataa, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Yaani Tanzania ina haki kisheria kumwambia Mtanzania: leseni yako ya kigeni hatuitambui katika anga letu. Kwa hiyo usijenge mpango wa maisha ya mwanao juu ya neno la wakala kwamba “kwenu watakukubali tu”. Swali hilo ni la TCAA, na wakala hana mamlaka ya kulijibu.

“Leseni ya ICAO” haipo

Matangazo ya vyuo hupenda maneno “leseni ya kimataifa ya ICAO”. Shirika hilo la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Montreal, Kanada, halitoi leseni kwa rubani yeyote na halijawahi kutoa. Kazi yake ni kuweka viwango vya chini, ambavyo kwa marubani viko katika Kiambatisho cha 1 cha mkataba. Leseni inatolewa na mamlaka ya nchi.

Viwango hivyo vya chini ni vizuri kuvijua, maana vinakupa kipimo cha kumpimia anayekuuzia masomo. Leseni ya rubani binafsi, PPL, inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, CPL, inataka miaka 18 na saa 200. Leseni ya juu ya mashirika, ATPL, inataka miaka 21 na saa 1,500. Nchi haipaswi kushuka chini ya hapo bila kutangaza tofauti yake, lakini inaweza kupanda juu. Afrika Kusini na Ulaya zinataka saa 45 kwa PPL. Marekani, kwa njia ya kawaida, inataka saa 250 kwa CPL. Ndiyo maana watu wawili waliosoma nchi mbili hubishana kila mmoja akiapa kwamba anaijua sheria. Wote wanaijua, ila kila mmoja anaijua ya nchi yake.

Tahadhari moja kuhusu PPL: haikuruhusu kulipwa. Kijana mwenye PPL hawezi kuchukua abiria kwa nauli, hata kama ndege ni ya mjomba wake.

Jumuiya haina leseni moja

Wazee waliofanya kazi katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki wanakumbuka enzi ambapo usafiri wa anga wa nchi tatu ulisimamiwa na idara moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kumbukumbu yao ni sahihi. Lakini Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikashika njia yake. Leo kuna wakala wa Jumuiya wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake kubwa ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni kufanana kunarahisisha mambo. Hakuzifanyi leseni kuwa moja. Aliyesoma Wilson, Nairobi, ana leseni ya Kenya. Aliyesoma Soroti, katika chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya zamani mwaka 1971 na sasa kiko chini ya Uganda, ana leseni ya Uganda. Wote wawili wakitaka kurusha ndege ya 5H wanapitia TCAA.

Hata hivyo, kwa familia yenye mfuko wa kawaida, bado ningeanza kutafuta chuo ndani ya Afrika Mashariki kabla ya kufikiria Florida au Johannesburg. Kanuni zinazofanana zinapunguza kazi ya kurudia. Na pale Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimekuwa kikijijenga upande wa mafunzo ya anga, kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe: hapa nyumbani kwa sasa kuna nini?

Kuhalalisha ni kitu kimoja, kubadili ni kingine

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuhalalisha leseni maana yake nchi ya pili inakupa karatasi inayosema: leseni ya huyu iliyotolewa na nchi fulani, tunaikubali kwa ndege zetu, kwa kazi hii, mpaka tarehe hii. Karatasi hiyo inatembea pamoja na leseni ya awali na haiwezi kuishi zaidi yake. Leseni mama ikiisha muda, ikisimamishwa au ikifutwa, uhalalishaji nao unakufa siku hiyohiyo. Nimesikia watu wakisema, “Nina kibali cha huku, ya kule nimeiacha ifie mbali.” Ukiiacha ya kule, na cha huku kimekufa.

Kubadili ni kupewa leseni mpya kabisa ya nchi ya pili. Hiyo haitegemei tena ile ya kwanza, lakini ina masharti zaidi. Kwa kawaida utafanya mtihani wa sheria za anga za nchi hiyo, mtihani wa vitendo na mkaguzi wao, na vipimo vya afya vinavyokubalika kwao.

Njia zote mbili zina hatua inayochelewesha watu kuliko zote: mamlaka unayoiomba lazima ipate uthibitisho kutoka mamlaka iliyokupa leseni kwamba ni halali. Barua hiyo haipiti kwa mkono wako, inatoka ofisi kwenda ofisi. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 2020. Baada ya ndege ya PIA, shirika la ndege la Pakistan, kuanguka Karachi mwezi Mei, waziri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge mwezi Juni kwamba marubani 262 kati ya 860 nchini mwake walikuwa na leseni za kutiliwa shaka. Nchi kadhaa zikaanza kuwachunguza marubani wote wenye leseni za Pakistan, na wengine walisimamishwa kazi wakisubiri uthibitisho, wakiwemo waliozipata kwa haki. Kijana wako asije akaondoka nchi aliyosomea kabla ya kuomba uthibitisho huo na kujua utatumwa wapi, na nani atakayeutuma. Akishapanda ndege ya kurudi, kufuatilia ofisi ya Afrika Kusini kutoka Lembeni ni kazi ngumu.

Marekani ina utaratibu wake unaowachanganya wengi. Mwenye leseni ya kigeni anaweza kupewa cheti cha FAA kwa msingi wa leseni hiyo bila kufanya mtihani mpya wa vitendo, lakini anachopata ni cha rubani binafsi tu. Haijalishi kwamba kwao ana CPL. Akitaka ya biashara, afanye mitihani yao. Tena, mgeni anayetaka kusomea urubani kule anahitaji viza ya masomo na idhini ya usalama ya serikali yao. Viza ya matembezi haitoshi, na wakala anayesema “ingia kwanza, mengine baadaye” anamweka mtoto katika hatari ya kurudishwa.

Saa za kuruka, na mtego wa ada kukatika

Saa 1,500 zimekuwa kama wimbo. Utasikia kwamba bila saa 1,500 hakuna shirika litakalokuajiri popote. Hiyo ni sheria ya Marekani, iliyotokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, na ilianza kutumika mwaka 2013 kwa marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria. Kule penyewe kuna nafuu kwa waliosoma vyuo vikuu fulani na kwa waliotoka jeshini. Kwa viwango vya ICAO, rubani msaidizi wa ndege ya abiria anaweza kuwa na CPL pamoja na kibali cha kuruka kwa kutumia vyombo na kibali cha aina ya ndege husika. Saa 1,500 ni za ATPL, yaani za kuelekea unahodha. Shirika linaweza kudai saa zaidi kwa uamuzi wake, na mengi yanadai, lakini hayo ni masharti ya ajira na hubadilika kadiri soko linavyobadilika.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kiwango cha CPL ni saa 200, ila kinashuka hadi 150 kwa anayesoma kozi moja iliyoidhinishwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vyuo vinapiga bei kwa kutumia hizo 150. Familia inahesabu, inaona inaweza. Katikati ya safari mvua zinakatika, mahindi na maharage hayalipi, mjomba aliyeahidi anaugua, ada inasimama. Kijana anarudi nyumbani na saa 90. Miaka miwili baadaye fedha zinapatikana, anakwenda chuo cha bei nafuu zaidi, na anaambiwa kozi yake ya awali imekatika, kwa hiyo sasa kipimo chake ni 200. Zaidi ya hapo, mitihani ya nadharia nayo ina tarehe za mwisho. Ulaya, kwa mfano, ukifanya mtihani wa kwanza una miezi 18 kumaliza yote. Kwa hiyo kabla ya kulipa senti moja, mwulize mkuu wa chuo kwa maandishi: kijana akisimama katikati, saa zake na mitihani yake vitahesabiwaje, hapa kwenu na kwingine? Na kama fedha za kozi nzima hazijulikani zitatoka wapi, afadhali kuchelewa mwaka mmoja kuanza kuliko kukwama katikati.

Saa nazo si sawa zote. Kati ya zile za CPL, kiwango kinataka 100 uwe wewe ndiye rubani mkuu wa ndege, au 70 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake kuna saa 20 za safari ya mbali, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili tofauti. Saa za kukaa nyuma ukitazama haziingii, na za mashine ya kuigiza urushaji wa ndege zina ukomo wake. Daftari la saa lisainiwe na mkufunzi kila ukurasa. Lipigwe picha kila mwezi na picha zitumwe nyumbani, maana daftari likipotea, saa hizo zinaweza kuhesabika kuwa hazikuwahi kuwapo.

Ulaya, Uingereza na ile orodha

EASA ndiyo inayoandika kanuni za urubani za Umoja wa Ulaya, lakini leseni kwa kawaida hutolewa na mamlaka ya nchi mwanachama. Rubani wa nje anayetaka leseni ya ATPL ya huko anafanya mitihani 13 ya nadharia, hata kama kwao ameruka miaka kumi. Uingereza ilitoka katika mfumo huo mwishoni mwa 2020. Leseni yake si ya EASA tena. Tangazo linalosema “soma London uruke Ulaya nzima” ni la zamani, au ni la mtu asiyejali ukweli.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaweka mashirika yote yaliyothibitishwa na Tanzania. Baada ya hapo niliwasikia watu wakisema kwamba leseni za Tanzania zimefutwa duniani. Hapana. Orodha ile inahusu mashirika na uwezo wa mamlaka kuyasimamia. Haifuti leseni ya rubani mmoja mmoja, na mwenye leseni ya TCAA bado anaweza kuomba ihalalishwe au ibadilishwe kwingine. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: mamlaka au mwajiri wa nje anaweza kukagua nyaraka zako kwa makini zaidi, na moja ya sababu zilizotajwa na Ulaya ilikuwa upungufu wa wataalamu katika usimamizi. Nchi yetu inahitaji wakaguzi wa anga wazuri kama inavyohitaji marubani, na kijana mwenye kichwa kizuri anaweza kuifikiria kazi hiyo pia.

Miwani, rangi na lafudhi

Wapo waliokata tamaa bure. Kuvaa miwani hakukuzuii kuwa rubani. Kiwango cha daraja la kwanza la afya, ambalo ndilo la CPL na ATPL, kinataka kila jicho lione 6/9 na yote mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani, na ukiwa kazini ubebe miwani ya akiba. Kutambua rangi ni jambo zito zaidi, na ni afadhali lijulikane mapema.

Hapa nasema bila kusitasita: fanya vipimo vya daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, kabla ya kulipa ada. Kama unakusudia leseni ya nchi nyingine, ulizia kama cheti cha daktari huyo kinakubalika huko. Kwa EASA, vipimo vya kwanza vya daraja hilo hufanywa katika kituo chao maalumu cha afya ya anga.

Kiingereza nacho hupimwa peke yake, na A ya kidato cha nne haichukui nafasi ya kipimo hicho. Kuna ngazi sita, na ya kuanzia kazi za kimataifa ni ya nne, inayorudiwa kila baada ya miaka mitatu. Ya tano hurudiwa kila baada ya miaka sita, na ya sita hairudiwi. Wanapima matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, ufahamu na namna unavyojibizana. Ngazi ya nne inakubali waziwazi kwamba matamshi yanaweza kubeba athari za lugha ya kwanza, mradi yasikwamishe kueleweka mara kwa mara. Mtoto aliyekulia kwenye Kichasu na Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Azoee kusikiliza na kujibu kwa Kiingereza kilicho wazi, bila kuiga lafudhi ya mtu.

Fuata mpangilio huu wa kutoa fedha

Fedha ya kwanza iende kwenye vipimo vya afya. Ya pili iwe nauli ya kwenda Dar es Salaam, Ukonga Banana, yaliko makao makuu ya TCAA, au gharama ya kuwaandikia barua. Uliza mambo mahususi: je, chuo hiki katika nchi hii kimeidhinishwa na mamlaka ya huko? Leseni yake nikitaka kuibadili kuwa ya Tanzania, nitafanya mitihani ipi na nitaleta nyaraka zipi? Ndege kama Cessna Caravan, inayobeba watalii wengi kaskazini, inahitaji kibali gani hapa? Swali hilo la mwisho lina maana, kwa sababu Marekani Caravan haihitaji kibali cha aina ya ndege ilhali Ulaya inahitaji kibali chake. Omba majibu kwa maandishi.

Kisha chuo. Usilipe kozi nzima kwa mkupuo. Lipa kwa hatua, na kila hatua idai stakabadhi inayotaja saa zilizorukwa. Hakikisha bei inajumuisha mitihani ya mamlaka, ada ya mkaguzi, kibali cha kuruka kwa kutumia vyombo na mafunzo ya ndege ya injini mbili, kwa sababu haya ndiyo yanayoachwa nje ya tangazo ili bei ionekane ndogo. Weka kando, tangu mwanzo, fungu la kubadili leseni na kuruka saa za kujikumbusha kijana atakaporudi. Na kabla hajaondoka nchi aliyosomea, awe na vitu hivi mkononi: leseni, cheti cha afya, kipimo cha Kiingereza, matokeo ya nadharia, daftari la saa lenye mihuri, na nambari ya ombi la uthibitisho lililokwisha kupelekwa kwa mamlaka ya huko.